Keekee ya tope katika mikoko ya Lamu: inachokiweza, na pale inaposhindwa

Maji yakijaa hupwa, na kila mtu wa Lamu anazijua saa zake. Upo mjazo mmoja tu ambao haukurudi ulikotoka. Kama miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi. Barafu ikayeyuka, maji yakapanda kwa maelfu ya miaka, yakaingia mabondeni. Kilindini, Mtwapa na Kilifi ni mabonde ya mito yaliyozama namna hiyo. Unguja, iliyokuwa imeshikana na bara, ikawa kisiwa; mifupa ya punda milia iliyofukuliwa katika pango la Kuumbi ni ya wanyama ambao mababu zao walifika huko kwa miguu.

Kwamba watu walikuwako pwani hii wakati huo si jambo la kubahatisha. Pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, lina kaburi la mtoto wa miaka 2 au 3 aliyezikwa kama miaka 78,000 iliyopita. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2021. Ila huko kusini sakafu ya bahari huporomoka karibu na ufuo, kwa hiyo pwani haikusogea mbali sana. Kuanzia Malindi hadi ghuba ya Ungwana sakafu hiyo hupanuka, mahali pengine hadi kilomita 60. Ukitaka kujua nchi kavu kubwa ilipotea wapi kwenye pwani ya Kenya, tazama kaskazini.

Kifaa kinachohakikiwa hapa ni kimoja cha vile vya bei ndogo vinavyotumika katika kazi ya kuitafuta nchi hiyo iliyozama, na kwa Lamu ndicho cha kuanzia: keekee ya mkono ya chumba nusu, yaani chombo cha kutobolea ardhi na kutoa kipande cha tope, ambayo wataalamu wengi huiita keekee ya Kirusi. Belokopytov na Beresnevich waliieleza mwaka 1955, na Jowsey akachapisha umbo lililoboreshwa mwaka 1966. Tangu hapo haijabadilika sana, na hakuna sababu ya kuibadilisha.

Chumba chake ni nusu ya bomba la chuma, urefu sentimita 50, kipenyo sentimita 5 hivi, ukingo mmoja umenolewa. Kando yake kuna bapa la chuma lililoshikwa kwa ekseli juu na chini. Chini kabisa ipo ncha butu, na juu huungwa fimbo za mita 1 mojamoja, kisha mpini wenye umbo la T. Unaisukuma keekee ikiwa imefungwa, bapa likiwa limeufunika mdomo wa chumba, hadi kina unachotaka. Hapo unauzungusha mpini nusu mzunguko. Bapa hubaki palepale kwa kuwa tope limelibana. Chumba ndicho kinachozunguka, hukata kipande cha tope na kujifunga upande wa pili wa bapa. Unavuta juu, unalaza, unakizungusha chumba kinyume, na nusu lita ya tope inabaki imelala juu ya bapa kama ilivyokuwa ardhini.

Hilo la mwisho ndilo linaloipa keekee hii thamani yake. Bomba la plastiki likipigwa kwa nyundo nalo huleta tope, lakini hulisindika: unaweza kupiga mita 1 ndani ukapata sentimita 70, na hujui zile 30 zilipungua katika tabaka gani. Chumba nusu hukata kwa ubavu, hakisindiki. Tope linalotoka sentimita 312 lilikuwa sentimita 312.

Kwa nini mikoko? Kwa sababu mikoko haioti popote. Huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na mahali bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, linapofika. Mlilana hukaa mbele, karibu na maji, mkoko hufuata, mkandaa na mchu hupatikana kwa wingi upande wa nchi kavu. Bahari inapopanda polepole, msitu wote husogea upande wa nchi kavu, na pale ulipokuwa huacha tope jeusi lenye mboji, yaani mizizi na majani ambayo hayakuoza kabisa kwa kukosa hewa. Ukipata tope hilo mita 4 chini ya msitu wa leo, umepata alama ya bahari ya zamani. Na Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Njia hii imetumika vizuri jirani: Paramita Punwong na wenzake wa Chuo Kikuu cha York walisoma historia ya mikoko na bahari kwa namna hiyo Unguja na katika delta ya Rufiji.

Sasa matumizi yenyewe, maana kifaa hiki kinaharibiwa na mtumiaji kuliko na tope.

Kwanza, maji. Wageni husoma kwamba bamvua hupwa sana, wakapanga safari siku za bamvua. Kwa matope ya wazi na kingo za mkondo, sawa: bamvua hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na una saa 3 hivi za kazi. Lakini ndani ya msitu, kwenye mkandaa na mchu, siku za maji mafu, yaani za mjazo mdogo, ni bora, kwa sababu maji hayapandi kabisa hadi huko na unaweza kufanya kazi mchana kutwa. Tatizo la maji mafu ni chombo: vijito vya ndani havina kina cha kutosha kwa boti yenye mashine. Tumia mtumbwi na pondo. Siku za bamvua, ingia na maji yakiwa yanaanza kupwa na ujue kwamba hutoki mpaka yajae tena. Maji ya kunywa yahesabiwe kwa saa hizo zote.

Pili, mahali pa kusimama. Watu 3 wakizunguka shimo moja kwa nusu saa, uso wa tope hushuka sentimita 10 au zaidi, na vipimo vyote vya kina vinaharibika bila mtu kutambua. Weka mbao 2 pana za kusimamia. Kisha kita kigingi umbali wa mita 1 kutoka kwenye shimo, ufunge kamba iliyonyooka, na kina kipimwe kutoka kwenye kamba, si kutoka kwenye tope. Kosa lingine ni la fimbo: alama za kina zihesabiwe kutoka sehemu ya juu ya chumba, si kutoka kwenye ncha. Tofauti ya urefu wa ncha, sentimita 10 hivi, imewahi kuonekana katika kazi zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Tatu, mashimo mawili. Ncha ya keekee huvuruga tope lililo chini ya chumba, kwa hiyo ukirudi shimo lilelile kuchukua sentimita 50 zinazofuata, utapata tope lililokwisha kukorogwa. Toboa mashimo mawili, sentimita 30 kati yao. La kwanza litoe 0 hadi 50, la pili 40 hadi 90, la kwanza tena 80 hadi 130, la pili 120 hadi 170, na kuendelea hivyo. Kila kipande kinaingiliana na mwenzake kwa sentimita 10, na tabaka likionekana katika vyote viwili ndipo unajua vipimo vyako vinaaminika.

Kuzungusha ndiko kunakovunja mioyo. Fimbo nyingi huungwa kwa meno ya skrubu yanayokaza ukizungusha kulia. Hakikisha chumba ulichonunua kinakata ukizungusha kulia pia. Ukizungusha kushoto, hata kidogo, kiungo hulegea, na ukivuta unapata fimbo tupu huku chumba kikiwa kimebaki mita 4 chini. Hapo zirudishe fimbo katika shimo lilelile, taratibu, ujaribu kuunga upya. Usiposhika katika dakika chache, tope linafunga. Kwa sababu hii fimbo zinazoungwa kwa pini ni bora zaidi, ingawa pini hupotea. Kila pini ifungwe kwa uzi wa nailoni kwenye fimbo yake.

Kuvuta nako kuna adabu yake. Tope la mfinyanzi hufyonza, na watu 2 wenye nguvu wanaweza kushindwa kuanzia mita 3. Usivute kwa mgongo. Chukua boriti kavu kutoka mjini (kukata mti msituni kwa kazi ya saa moja ni uharibifu, na bila kibali ni kosa), funga kamba ya nyuzi kwenye fimbo kwa mizunguko 4 inayojikaza, weka gogo chini ya boriti, na ukandamize upande wa pili. Fimbo itoke wima. Ikivutwa kwa kulala hupinda, na fimbo iliyopinda haizunguki tena ikiwa ndani.

Inapokwama ni mahali pa aina tatu. Mizizi mikubwa ya mkoko katika mita ya kwanza: sogea nusu mita, usipigane nayo. Kombe na vipande vya matumbawe: kipande kimoja kikiingia kati ya chumba na bapa, chumba hakifungi, na tope la juu huingia wakati wa kuvuta. Mfungo ukiwa na mwanya wa kupitisha kucha, sampuli hiyo itupwe, hata kama inavutia. Na mchanga. Mchanga ndio adui mkubwa. Keekee hii haikutengenezwa kwa mchanga, na mtu akiilazimisha kwa nyundo hupindisha bapa, nalo likipinda kifaa kimekufa. Kwa hiyo Mida Creek, karibu na Watamu, ambako hakuna mto unaoingia na mikoko imesimama juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe, haitakusaidia sana. Huko chukua keekee ya mfereji, ile nyembamba iliyo wazi ubavuni: sampuli yake si safi, ila inapita.

Mdomo wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, una shida ya namna nyingine. Tope ni laini na keekee huteremka vizuri mno, lakini mengi ni matope mapya ya mto. Matumbawe ya Malindi, yaliyosomwa kwa kiasi cha bariamu ndani ya tabaka zao, yanaonesha kwamba mmomonyoko wa bara uliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Unaweza kutoboa kwa bidii ukawa bado uko katika zama za wakoloni. Tope la aina hiyo ni jekundu-kahawia, halina mboji. Ukiliona tu hadi fimbo zinaisha, hamia kijito kingine.

Sampuli ikitoka, fanya haraka. Tope la mikoko lina salfidi, ndiyo harufu ile ya mayai viza, na likikutana na hewa hubadilika rangi mbele ya macho yako. Piga picha kwanza, ukiwa na rula na kadi ya rangi. Kisha kwangua uso wake kwa kisu safi, ukikwangua kwa upana na si kwa urefu, usije ukaburuta tope la juu hadi chini. Andika rangi, ulaini, mizizi, magamba, na hasa mpaka kati ya tabaka: ni mkali kama ukurasa, au unafifia? Telezesha kipande chote kwenye nusu ya bomba la plastiki la inchi 2 lililopasuliwa kwa urefu, kifunge kwa nailoni ya vyakula mara mbili, kisha mfuko mweusi. Karatasi ya foili isitumike, chumvi huila. Andika jina la mahali, shimo, kina cha juu na cha chini, na mshale wa kuelekea juu. Mshale usisahauliwe, kipande kisichojulikana juu yake ni udongo tu. Sanduku la barafu la wavuvi linatosha kwa siku moja ikiwa maji ya barafu hayagusi sampuli. Baadaye friji ya nyuzi 4, kamwe si friza.

Jambo moja ambalo maelezo ya watengenezaji huliacha: mafuta. Kila fundi atakuambia upake grisi viungo visishike kutu. Paka meno ya fimbo tu, kidogo, na ufute. Chumba na bapa visiguswe na mafuta yoyote, kwa sababu maabara hupima umri wa sampuli kwa kaboni iliyomo: kaboni ya grisi ya petroli huizeesha tarehe hiyo, na mafuta ya nazi huifanya iwe changa. Chumba kioshwe kwa maji ya bahari kati ya shimo na shimo, na jioni kwa maji baridi ya kunywa, kisha kikaushwe kwa kitambaa.

Katika kuchagua kitu cha kupima kaboni-14, watu wengi hukosea kwa kuchukua mzizi kwa kuwa ni mkubwa na unaonekana. Mzizi ulishuka kutoka juu, ni mdogo kwa umri kuliko tope lililouzunguka. Tafuta jani, mbegu, kijiti kilicholala kwa ubapa. Gamba la bahari nalo husoma uzee wa kupita kiasi, mara nyingi kwa karne kadhaa, kwa kuwa maji ya bahari yana kaboni ya zamani, linafaa likisahihishwa. Na chukua kutoka chini kabisa, pale tope la mikoko linapokalia ardhi ngumu ya zamani. Tabaka za kati hujikandamiza kwa uzito na kushuka kutoka mahali zilipozaliwa. Ile ya chini haina pa kushukia.

Bila kipimo cha kimo, hata hivyo, yote haya ni kazi bure. Tarehe bila kimo haikuambii bahari ilikuwa wapi. GPS ya wapima ardhi inatoa usahihi wa sentimita uwanjani, ila chini ya matawi ya mikoko hupoteza mawimbi. Peleka kimo kutoka mahali pa wazi kwa leveli ya miguu mitatu na ufito wenye namba. Kwa umbali mfupi na siku isiyo na upepo, maji yenyewe ni leveli: kita vigingi vilivyopakwa chaki, maji yajae na kutulia, mstari uliooshwa ni usawa mmoja kwa vyote. Hata ukifanya vizuri, mikoko ina eneo pana la kuota, na bamvua la pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo jibu lako litakuwa na shaka ya karibu mita 1 juu au chini. Chavua zilizomo ndani ya tope hupunguza shaka hiyo ukijua tabia zake: mkoko hupeperusha chavua nyingi sana, mchu kidogo, kwa hiyo chavua chache za mchu zina uzito kuliko zinavyoonekana.

Sasa swali wanalouliza wote: itapata watu? Kwa kawaida, hapana, na asikubali mtu kuuziwa kwa ahadi hiyo. Shimo la sentimita 5 ni kama kutafuta kijiji kwa sindano. Inachokupa ni pwani yao: kijito kilipita wapi, ardhi ilizama lini, msitu ulisimama upande gani. Kwa mstari wa mashimo kila mita 20 kutoka mkondoni hadi nchi kavu unaweza kuchora bonde zima lililofukiwa, na hapo ndipo unajua pa kutazama. Dalili zenyewe ni chache na za unyenyekevu. Chini ya tope la kijivu-buluu ukikuta mpaka mkali, kisha udongo wa kahawia wenye mchanga, mizizi ya nchi kavu na makaa, huo ni uso wa ardhi wa zamani. Magamba yakiwa ya aina moja, makubwa, yamevunjwa au kuungua, yana majivu, huenda ni jalala la walaji; yakiwa ya saizi zote, mengine bado yameshikana mawili-mawili, hiyo ni sakafu ya bahari tu. Na jiwe kali lenye kona, ndani ya tope laini, halikuletwa na mkondo mpole. Chekecha kila kipande cha tabaka hiyo kwa chekecheo cha milimita 2.

Zipo njia nyingine, na Lamu si Murujuga. Huko Australia Magharibi, kwenye mkondo wa Cape Bruguieres, wazamiaji waliokota zana za mawe 269 zilizolala wazi kwenye sakafu, mita 2 hivi chini ya maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliziona kwa sababu hakuna tope la kutosha kuzifunika. Lamu imefunikwa. Bahari ya Kaskazini inafanana nasi zaidi katika jambo hili: mwaka 1931 meli ya uvuvi Colinda ilivua, kati ya mafungu ya mchanga ya Leman na Ower, bonge la mboji lenye chusa ya pembe ya kulungu ndani yake, na mboji hiyo ndiyo iliyowaonesha wataalamu kwamba pale palikuwa nchi kavu.

Kuhusu sonari, kifaa kinachoona chini ya maji kwa mlio: ile ya kutafutia samaki huona uso wa sakafu tu. Ile ya kupenya chini ya sakafu ni ghali na ni nzuri huko nje kwenye mchanga, lakini katika vijito vya mikoko tope lina mapovu ya gesi, na gesi huzuia mlio kama pazia. Mkono unafika pale mashine inapopofuka. Mpaka wa mkono ni umri: mita 5 au 6 za tope la mikoko zitakupeleka miaka 8,000 hivi nyuma, sehemu ya mwisho ya mjazo. Nchi iliyozama kabla ya hapo iko mbali nje, na inahitaji meli na keekee ya mtetemo.

Anayenunua aagize chumba kimoja, fimbo 8, bapa la akiba na ekseli zake. Fimbo za ziada fundi mzuri wa kukereza anaweza kuzitengeneza ukimpa moja ya mfano, ila bapa asijaribu. Mwanya kati yake na chumba ni mdogo mno. Mzigo wote ni wa watu wawili, na wa tatu awe mwandishi ambaye mikono yake haigusi tope.

Vibali vitangulie: leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya chini ya sheria ya turathi ya 2006, na Huduma ya Misitu kwa kuwa mikoko ni msitu. Wazee wa kijiji na kamati ya ufuo waambiwe kabla chombo hakijaondoka, kwa sababu wao ndio wanaojua kijito gani kina tope na kipi kina mwamba. Makaa au magamba yaliyoungua yakitokea, shimo lisipanuliwe kwa jembe. Kigingi kibaki, kimo kiandikwe, na Makumbusho ya Lamu waarifiwe siku hiyohiyo.